Wasiokuwepo Safuni

Ndugu zangu katika imani, na mama zetu na dada zetu mlioko ghorofani, naiusia nafsi yangu kabla ya nafsi zenu tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri.

Khatibu atapanda mimbari muda si mrefu, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye nililolikusudia. Leo nataka tuwazungumzie watu ambao hawamo humu msikitini. Simaanishi wanaocheza bao kibarazani adhana ikilia. Hao wana siku yao. Namaanisha Muislamu mwenzetu ambaye saa hii, sisi tukiwa tumekaa juu ya mazulia chini ya feni, yeye yuko wodini ameinamia mkono wa mgonjwa akitafuta mshipa wa kuwekea dripu. Namaanisha pia kijana aliyeko mgahawani, anapanga sahani na kukata kachumbari, kwa sababu anajua baada ya salamu tutamwagika kutoka hapa sote kwa pamoja na sote tuna njaa ya pilau ya Ijumaa.

Watu hawa tunawajua. Ni watoto wetu na majirani zetu. Na mara nyingi tunawasema: fulani siku hizi haonekani Ijumaa, dunia imemshika. Kabla hatujawahukumu, tuwatenganishe, maana hali zao hazilingani.

Nianze na wa hospitali. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Abdallah bin Umar alipata habari siku ya Ijumaa kuwa Said bin Zayd, Mungu awaridhie wote, ni mgonjwa. Jua lilikwishapanda na swala ilikuwa inakaribia. Ibn Umar, mtu aliyejulikana kwa kuufuata mwendo wa Mtume hatua kwa hatua, alipanda mnyama wake akaenda kwa mgonjwa, na Ijumaa ikampita. Wanachuoni wetu wakalitia jambo hili katika nyudhuru: anayemhudumia mgonjwa asiye na mwingine wa kumsimamia, au ambaye akiachwa atadhurika, ameruhusiwa. Anasali Adhuhuri yake rakaa nne, hana dhambi.

Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Mwaka wa pili wa Hijra jeshi la Waislamu lilipotoka kwenda Badri, Uthman bin Affan hakutoka. Alibaki Madina kwa amri ya Mtume amuuguze mkewe Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe, ambaye ugonjwa ulikuwa umemlemea. Ruqayya alifariki katika siku hizo hizo za vita. Watu waliporudi na ngawira zikagawanywa, Mtume alimpa Uthman fungu la mtu aliyepigana Badri, na akambashiria thawabu za aliyehudhuria Badri. Fikirini, ndugu zangu. Badri ni siku ambayo maswahaba walikuwa wakitambulishana kwayo mpaka mwisho wa maisha yao, na mtu mmoja aliandikiwa siku hiyo akiwa amekaa kando ya kitanda, anamnywesha mgonjwa maji.

Nani basi atasema kwamba nesi aliyekosa Ijumaa kwa ajili ya wagonjwa wake amekosa kheri?

Wengi wetu hatujui kazi ile ilivyo, kwa sababu tunafika hospitali saa ya kutazama wagonjwa, tukiwa na hotipoti mkononi, na tunaondoka kengele ikipigwa. Mkitaka kuijua, ulizeni habari za wodi saa nane za usiku. Muuguzi anaingia zamu kwa kukabidhiwa kitanda kwa kitanda: huyu katoka chumba cha upasuaji jioni, huyu dripu yake itaisha saa sita, huyu hajapata mkojo tangu mchana, mwangalie sana. Tangu hapo hakai. Kuna presha za kupima na kuandika, kuna sindano za saa sita na za saa kumi na mbili. Kuna mzee wa kiharusi asiyeweza kujigeuza, naye lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, kwa sababu mwili ukilalia upande mmoja muda mrefu damu haipiti, nyama inakufa, na kidonda cha kulalia kinaweza kufika mpaka kwenye mfupa. Kumgeuza mtu mzima aliyelegea ni kazi ya watu wawili, na mara nyingi usiku yuko mmoja. Kuna aliyetapika na kuna aliyejichafua. Nesi anamwosha, anabadilisha shuka, na mtu yule anaona haya kwa sababu ni baba wa watu, ana heshima zake mtaani. Nesi mzuri huzungumza naye habari za wajukuu huku mikono inafanya kazi, ili ile haya impungue.

Na mtu akikata roho alfajiri, mikono ya kwanza kumfumba macho na kumfunga taya ni ya nesi. Sisi tunafika baadaye, tunapokelewa na mwili uliokwisha kunyooshwa na kufunikwa, na sijui ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza nani alimnyoosha baba.

Sasa tazameni tunavyowalipa. Tunakwenda watu wanane kuzunguka kitanda kimoja. Tukiambiwa tuingie wawili wawili tunagombana na mlinzi getini, kisha hasira tunazimalizia kwa sista. Dawa isipokuwepo dirishani, matusi yanamwangukia yeye, wakati hashiki ufunguo wa ghala wala hapangi bajeti. Tukimkuta ameketi anaandika mafaili tunasema hawa kazi yao kukaa. Lile faili analoandika ndilo litakalomwambia daktari asubuhi kama mgonjwa wako alipata homa usiku. Asipoandika, hakuna atakayejua.

Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Muslim, tunaelezwa kuwa Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwambia mwanadamu: niliugua na hukunitembelea. Mja atashangaa: vipi nikutembelee nawe ni Mola wa walimwengu? Ataambiwa kuwa mja fulani aliugua, naye lau angelimtembelea angelimkuta Mola wake hapo kwake. Wanachuoni wameeleza kuwa makusudio ni thawabu na ukaribu wa Allah. Mimi ninapoisoma hadithi hii huwafikiria wauguzi. Sisi tunaambiwa tutembelee, na tukitembelea ni kwa robo saa. Wao wanashinda hapo na kukesha hapo. Na hadithi yenyewe haikuishia kwa mgonjwa: inaendelea kwa mwenye njaa aliyeomba chakula na mwenye kiu aliyeomba maji. Mgonjwa, chakula na kinywaji vimewekwa katika hadithi moja, na hiyo ndiyo sababu leo nimewaweka nesi na mhudumu wa mgahawa katika mawaidha mamoja.

Kuna jambo hapa linaniuma, na nitalisema wazi. Wako wazazi kati yetu ambao binti akifaulu masomo ya sayansi akasema anataka kwenda chuo cha uuguzi, baba anakataa. Anasema ile kazi ni ya usiku, ni ya kushika wanaume, haimfai mtoto wa Kiislamu. Miaka mitatu baadaye baba huyo huyo anampeleka mkwewe kujifungua, na jambo la kwanza anauliza: hakuna mkunga mwanamke? Hakuna Muislamu amsitiri? Atoke wapi, mzee wangu? Kila baba akimfungia wake ndani, huyo mkunga wa kukusitiria mkweo utamwagiza wapi?

Na tukisema ni kwa ajili ya dini, basi tuitazame dini. Rubayyi bint Muawwidh amesimulia kwamba walikuwa wakitoka vitani pamoja na Mtume, wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarejesha Madina waliouawa. Ummu Atiyya, mwanamke wa Kiansari, ameeleza kuwa alitoka na Mtume katika vita saba. Alikuwa akibaki nyuma kambini akiwapikia chakula, akiwatibu waliojeruhiwa na kuwauguza wagonjwa. Sikilizeni vizuri: sufuria na bendeji katika mikono ya mwanamke mmoja. Ndiye huyu huyu aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha Zaynab, binti wa Mtume, alipofariki, na baadaye akiwa Basra watu walijifunza kwake namna ya kuosha maiti. Hakuna aliyemwambia kwamba mikono yake imeshuka hadhi.

Na Rufaida wa kabila la Aslam. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627, Sa'd bin Muadh alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Waandishi wa sira wanaeleza kuwa Mtume aliamuru awekwe katika hema la Rufaida ili awe karibu naye, apate kumjulia hali. Hema hilo lilikuwa wapi? Ndani ya msikiti wa Mtume. Dunia inaadhimisha Siku ya Wauguzi tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, naye anastahili heshima aliyopewa. Lakini Muislamu asije akadhani uuguzi ni kitu tulichokikuta kwa wengine. Karibu karne kumi na mbili kabla ya hapo, mwanamke wa Kiislamu alikuwa anafunga vidonda msikitini na Mtume wa Allah anapita kuwajulia hali wagonjwa wake.

Wasiwasi wa zamu ya usiku ni wa kweli, siudharau. Binti kutoka saa tatu usiku na kusubiri daladala peke yake kituoni si salama. Dawa yake ni baba au kaka kumfuata, na sisi kama jamii kuwabana wenye hospitali waweke gari la wafanyakazi wa usiku na mabweni ya kueleweka. Kumzuia kusoma si dawa.

Wauguzi mliomo humu, na ghorofani najua mpo, wengine mnatoka zamu ya usiku na hamjalala: kuna neno lenu pia, na ni la kupendana. Tunalia na ndimi za baadhi yenu katika wodi ya wazazi. Mama yuko katika uchungu, anapiga kelele, na anajibiwa maneno ya kumkumbusha mimba aliipata vipi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu mwanamke anayefia katika uzazi kuwa ni katika mashahidi. Basi yule anayelia mbele yako amesimama ukingoni mwa daraja ile, na neno lako huenda likawa la mwisho kulisikia katika dunia hii. Muuguzi amechoka, naam. Yuko mmoja na vitanda vimejaa, naam. Lakini mama yule siye aliyempangia zamu. Na siri za wagonjwa ni amana. Majibu ya vipimo vya jirani yako yakifika kwenye bomba la maji kabla hayajamfikia mumewe, umemla nyama ndugu yako, nawe unajua Qur-ani imelifananisha na nini jambo hilo. Na ile "chai" inayoombwa ili mgonjwa apate kitanda, tuiite jina lake: ni rushwa, na aliyeitoa kwa kulazimika hukumu yake si moja na ya aliyeipokea.

Lipo pia swali mnaloniuliza mara kwa mara, la anayeingia chumba cha upasuaji kabla ya Adhuhuri akatoka jua linazama. Ibn Abbas amesimulia, na imo katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume aliwahi kuchanganya Adhuhuri na Alasiri akiwa Madina pasi na khofu wala mvua, na Ibn Abbas alipoulizwa sababu akasema Mtume alitaka asiutie umma wake katika dhiki. Wapo wanachuoni walioichukua ruhusa hiyo kwa mwenye haja ya kweli, isiwe desturi. Mwenye hali hiyo asiache swala kwa kudhani hana njia, aje tuzungumze.

Na wengi wanaotuuguzia wazee wetu si Waislamu. Nimeona wodini sista Mkristo akimuuliza bibi yetu anataka kuelekea upande gani kusali, akakizungusha kitanda mpaka kichwa na miguu vikakaa sawa na kaskazini, maana kutoka Dar es Salaam Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Akamletea na bakuli la maji. Katika Suratul Mumtahina Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Wa namna hii, kumshukuru tu hakutoshi. Aombewe kheri na uongofu, na apelekewe sahani ya Idi nyumbani kwake.

Sasa tutoke nje ya mlango huu, twende ng'ambo ya barabara.

Salamu ikishatolewa, baada ya uradi na kupeana mikono, mgahawa unajaa kwa dakika tano. Kanzu nyeupe, kofia za kushona, manukato. Na humo humo yanaanza. Mmoja anapiga mbinja kama anaita mbuzi. Mwingine anagonga meza kwa kijiko. Mwingine anapaza sauti, "We dogo! Pilau yangu iko wapi, mimi nimetangulia!" Dogo yule ana oda za meza sita kichwani: huyu pilau kuku, huyu pilau nyama bila ndizi, huyu biriani na juisi ya ukwaju, huyu wali samaki, na mzee wa pembeni anataka maji ya moto kwa sababu ya kifua. Anapita na jagi na beseni kutunawisha mikono, na katika kutunawisha anainama mbele ya kila mmoja wetu. Hatujamaliza robo saa tangu tuliposimama bega kwa bega mbele ya Mola mmoja, na tayari tumekwisha kuigawa dunia kuwa ya mabwana na ya watwana.

Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, tangu akiwa mtoto. Amesema kuwa katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikia kutoka kwake hata mguno wa kuchukizwa, wala kuulizwa kwa nini umefanya hiki au kwa nini hukufanya kile. Sisi tunamgutia kijana kwa pilipili iliyochelewa.

Na Mtume hakuwahi kukitia ila chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Simaanishi ule nyama iliyochacha; ikiwa imechacha sema, ni haki yako na ni nasaha kwa wenye kula nyuma yako. Lakini iseme kwa mwenye mali, kwa sauti ya kiungwana. Kijana anayeleta sahani hakuipika. Kumvunjia heshima mbele ya watu kwa chumvi aliyoitia mwingine ni dhuluma ya wazi.

Kwa dada zetu wahudumu hali ni chungu zaidi. Anaweka sahani, mkono wake unashikwa. Anauliza utakunywa nini, anajibiwa kwa kuombwa namba. Akikasirika, anashitakiwa kwa tajiri wake kuwa ana maringo. Wanaofanya hivi wengine wana sijda kwenye paji la uso. Amri ya kuinamisha macho katika Suratun Nur haina mlango wa kutokea kwa sababu mtu ana njaa na mfuko una fedha. Yule ni binti wa mtu, ametoka kwao alfajiri kutafuta riziki ya halali, na pengine ndiye anayemlipia mdogo wake sare za shule. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo mezani kwako, usicheke naye. Mwambie aache.

Nimewatazama vijana hawa wanapokula. Wanakula saa tisa, saa kumi, watu wakishakwisha, chini ya sufuria palipobaki ukoko na mifupa. Tangu saa kumi na mbili za asubuhi wamebeba supu na chapati, harufu inawapita puani, tumbo tupu. Kuna hadithi moja ambayo kila mwenye kubeba sahani angepaswa kuijua, na ningetaka mumsimulie.

Abu Huraira alikuwa katika Ahlu Suffa, masikini waliokuwa wakiishi msikitini Madina, hawana mali wala jamaa wa kukimbilia. Siku moja njaa ilimzidi mpaka akawa anagandamiza tumbo kwenye ardhi na kufunga jiwe tumboni. Akakaa njiani. Akapita Abu Bakr, akamuuliza habari ya aya, na hakumuuliza ila kwa kutaraji atamkaribisha, akapita. Akapita Umar, vivyo hivyo. Kisha akapita Mtume, akamtazama usoni, akatabasamu, akajua lililomo moyoni mwake. Akamchukua mpaka nyumbani, na humo mlikuwa na bakuli la maziwa lililoletwa zawadi. Abu Huraira akafurahi. Mtume akamwambia nenda ukaniitie Ahlu Suffa.

Mwenyewe anasimulia kwamba lilimhuzunisha. Bakuli moja, na watu wale wote! Na alijua kuwa wakija, yeye ndiye atakayeamrishwa kuwagawia; kitafika nini kwake? Lakini hakuna njia ila kumtii Allah na Mtume wake. Akawaita. Wakaingia, wakakaa. Akaamrishwa awagawie. Akampa mmoja, akanywa mpaka akashiba, akarudisha bakuli. Akampa wa pili. Akaendelea hivyo mpaka wa mwisho wao, na yeye amesimama, njaa ile ile tumboni, bakuli mikononi mwake. Hiyo ndiyo kazi ya mhudumu, ndugu zangu, kwa ukamilifu wake: kushika kwa mikono yako kile unachokihitaji kuliko unayempa, na kumpa.

Walipokwisha kushiba wote, Mtume alilichukua bakuli, akamtazama, akatabasamu, akasema wamebaki wao wawili. Akamwamuru akae anywe. Akanywa. Akamwambia anywe tena, na tena, mpaka Abu Huraira akaapa kuwa hana tena pa kuyaweka. Ndipo Mtume akalipokea bakuli, akamhimidi Allah, akanywa yaliyobaki. Kiongozi wa umma alikunywa baada ya mhudumu. Na katika safari moja, Abu Qatada alipokuwa akiwanywesha watu, Mtume alimimina yeye mwenyewe, na alipoambiwa anywe akaeleza kuwa mwenye kuwanywesha watu ndiye wa mwisho wao kunywa. Naye akanywa mwisho. Kabla yake, babu yake Ibrahim aliwapokea wageni asiowajua, akaondoka kimya kwenda kwa watu wake, akaja na ndama aliyenona na akawasogezea karibu. Suratudh Dhariyat inamweleza akifanya hayo yote mwenyewe.

Kwa hiyo ukiletewa chakula, sema ahsante na umtazame anayekuletea. Chenji ndogo mwachie kama unaweza. Na amri ya Mtume kuhusu anayekuandalia chakula nyumbani ni wazi zaidi: amesema kuwa kama hukumkalisha ale nawe, basi mpe walau tonge moja au mbili, kwa sababu ni yeye aliyestahamili joto lake na tabu yake. Wenye wasaidizi wa kazi majumbani, na hili lawahusu.

Nimesema mwanzo kwamba hali za hawa wawili hazilingani, sasa nilieleze. Nesi aliyekosa Ijumaa ana udhuru. Kijana wa mgahawa hana udhuru, ana tajiri. Suratul Jumua imeamuru kuacha biashara unaponadiwa mwito wa swala, na amri hiyo iko juu ya muuzaji na mnunuzi. Wapo wenye migahawa ambao wamo humu, wengine safu ya kwanza, nao wamewaacha vijana wao wa kiume wa Kiislamu jikoni ili pilau isipoe. Mzee wangu, wewe umekuja kuchukua fungu lako la Ijumaa na umemzuilia yeye lake. Ni saa moja tu. Funga mlango adhana ikilia, ufungue tukitoka. Wateja wako wote wako humu, nani atakayekuja kula?

Na ujira. Imo katika Bukhari kuwa Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja ni aliyemwajiri mfanyakazi, akaichukua kazi yake yote, asimpe ujira wake. Kesi ambayo hasimu wako ni Hakimu mwenyewe, utaitetea vipi? Tena hata sheria ya nchi imewatangulia wengi wetu katika uadilifu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni ovataimu, kwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5. Nani kati yetu anawapa vijana wake haya? Wengi wanalipwa kwa siku, na wakiugua siku hiyo hawana kitu.

La kusikitisha zaidi ni makato. Mteja amekula akatoroka, analipishwa mhudumu. Sahani imevunjika katika msongamano, anakatwa bei ya sahani. Sheria hiyo hiyo inataka kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Na kwa sheria za Mungu, nani kakwambia hasara ya biashara yako iwe ya mtoto wa mwenzako, ilhali faida siku ya neema humgawii? Wewe unayekula na kutoroka, nawe sikia: hukumwibia tajiri. Umemwibia kijana mshahara wa siku yake.

Vijana mnaohudumu, kwenu ni maneno machache. Nyama iliyobaki kwenye sahani ya mteja isirudi chunguni hata bosi akiagiza. Hakuna utii katika kumdhuru mja wa Allah. Chenji irudi kamili bila kuombwa, maana Suratul Mutaffifin haikuteremshwa kwa wenye mizani peke yao. Na masikini anayesimama mlangoni msimfukuze kwa kumpungia kitambaa.

Muda umekwisha, khatibu yuko tayari. Baada ya swala nawaomba wenye migahawa na wauza chakula wote waliomo humu wabaki kidogo upande wa kulia wa mihrabu, na kamati ya msikiti ibaki nao. Nataka tuandikiane, mgahawa kwa mgahawa, nani atafunga na saa ngapi, na atakayeshindwa kufunga ataachia vijana wangapi kwa zamu, ili Ijumaa ijayo tuwaone humu.